Amin wa Filamuni na Lugha Aliyonyimwa: Tahakiki ya The Last King of Scotland

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili tunapoletewa filamu ya Kiingereza, wengi wetu huisukuma kwa wenzetu wa idara jirani. Tunasema hiyo si shughuli yetu. Makala haya yana maoni tofauti. Ipo filamu moja ya Kiingereza ambayo inatuhusu sisi labda kuliko inavyowahusu wao. Filamu hiyo ni The Last King of Scotland, yaani Mfalme wa Mwisho wa Uskoti, iliyotoka mwaka 2006. Inasimulia utawala wa Idi Amin nchini Uganda, kuanzia mapinduzi ya Januari 1971 hadi mkasa wa mateka wa Entebbe wa mwaka 1976. Kwa upande wa siasa, historia na uigizaji imekwisha kuandikiwa mengi. Swali letu hapa ni jingine: Amin huyu tunayemwona kwenye filamu anasema lugha gani, na kwa nini?

Swali hili si la kupotezea wakati. Nchini Uganda, Kiswahili kimebeba lawama za miaka ya Amin kwa muda mrefu. Mwalimu anayekifundisha huku hana budi kukutana na mzazi, au hata mwanafunzi, anayemwambia kwamba hiyo ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Kwa hiyo filamu iliyomtangaza Amin duniani kote inagusa moja kwa moja sifa ya lugha tunayoifundisha. Tuitazame kwanza kwa ujumla, ndipo tufike kwenye lugha yake.

Walioitengeneza

Filamu imetokana na riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Mswada wake uliandikwa na Peter Morgan na Jeremy Brock. Mwongozaji ni Kevin Macdonald, Mskoti ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa filamu za matukio halisi. One Day in September ya mwaka 1999, inayohusu kuuawa kwa wanamichezo wa Israeli mjini Munich, ilishinda tuzo ya Oscar. Mpigapicha mkuu ni Anthony Dod Mantle, mhariri ni Justine Wright, na muziki ulitungwa na Alex Heffes. Watayarishaji ni Lisa Bryer, Andrea Calderwood na Charles Steel.

Jambo moja la kuwasifu watu hawa ni kwamba sehemu kubwa ya filamu walipigia picha Uganda kwenyewe. Wakati ule halikuwa jambo la kawaida. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, kwa mfano, ilipigwa zaidi Afrika Kusini. Macdonald alitaka majengo, barabara na udongo wenyewe, na mtazamaji anayeifahamu Kampala huona mara moja kwamba hakudanganywa. Hospitali ya Mulago ni Mulago. Hata kwaya inayoimba wimbo wa Kiskoti wa Loch Lomond ni ya Uganda, Nyonza Singers. Kwa upande wa macho, filamu hii imejitahidi kuwa ya kweli. Tutakayoihoji ni upande wa masikio.

Waigizaji

Amin anaigizwa na Forest Whitaker, Mmarekani. Daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, anaigizwa na James McAvoy. Msomaji akumbuke kwamba Garrigan ni mhusika wa kubuni. Hakuwepo daktari wa jina hilo katika historia ya Uganda. Kay, mke wa Amin, anaigizwa na Kerry Washington, Mmarekani. Naye Dakta Junju anaigizwa na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Gillian Anderson ni Sarah, mke wa daktari wa misheni, na Simon McBurney ni Stone, ofisa wa Kiingereza mwenye ulimi wa asali na nia isiyoeleweka.

Waganda nao wamo. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Ndere, anaigiza Jonah Wasswa, waziri wa afya. Abby Mukiibi Nkaaga, mwigizaji wa siku nyingi wa jukwaani, ni Masanga, mkuu wa usalama anayetisha bila kupaza sauti. Cleopatra Koheirwe naye ana nafasi ndogo. Wote wanafanya kazi yao vizuri. Rwangyezi hasa, kwa dakika chache alizopewa, anatuonyesha msomi anayejua kwamba heshima haitamlinda.

Hata hivyo, tukipanga majina kwa uzito wa nafasi, tunaona mpangilio ambao filamu za aina hii hazijauacha. Waganda watatu wakubwa katika hadithi, yaani Amin, Kay na Junju, wanaigizwa na Wamarekani wawili na Mwingereza mmoja. Waigizaji wa Uganda wamewekwa pembeni: waziri anayetoweka, mlinzi, mgeni wa karamuni. Hatusemi kwamba mwigizaji hana ruhusa ya kuigiza mtu wa taifa jingine. Kama ingekuwa hivyo, uigizaji wenyewe ungekufa. Tunasema tu kwamba mpangilio huu una athari kwa lugha. Wahusika wakuu wakiwa ni watu ambao Kiswahili si lugha yao, wala Luganda, wala Kikakwa, basi Kiingereza kinakuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Amin wa kweli alisema nini?

Baba yake Amin alikuwa Mkakwa. Mwenyewe alikulia kati ya jamii ya Wanubi, ambao lugha yao, Kinubi, ina mizizi ya Kiarabu. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la King's African Rifles. Katika jeshi hilo lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili cha namna yake, kile ambacho wataalamu wamekiita Kikeya, chenye sarufi iliyopunguzwa na amri nyingi. Huko ndiko Amin alikopanda cheo hadi kuwa miongoni mwa Waganda wa mwanzo kufanywa maofisa. Shule alikuwa amesoma kidogo sana. Kiingereza chake kilikuwa cha kujiokotea, naye alikitumia kwa ujasiri mkubwa mbele ya wageni.

Kwa ufupi, huyu alikuwa mtu wa lugha nyingi, na Kiingereza kilikuwa miongoni mwa zile alizozimudu kwa shida. Amri alizitoa kwa Kiswahili. Askari wake, waliotoka katika makabila yasiyoelewana kwa lugha za mama, waliunganishwa na Kiswahili. Na mwaka 1973 alitoa tangazo la kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ingawa shule hazikupewa walimu wala vitabu vya kulitekeleza.

Sasa tumwangalie Amin wa Whitaker. Katika moja ya maonyesho ya mwanzo, anawahutubia wanakijiji muda mfupi baada ya mapinduzi. Anawaahidi barabara na shule, anacheza nao ngoma, umati unashangilia. Garrigan, aliyesimama pembeni, anavutiwa mno. Ni onyesho lenye nguvu. Lakini kiini cha hotuba hiyo ni Kiingereza! Mwaka 1971, katika kijiji cha Uganda, mtu aliyetaka kushangiliwa na wakulima kwa Kiingereza kitupu angehitaji mkalimani. Hapo hayupo. Umati unacheka na kupiga makofi mahali panapostahili, kana kwamba wote wamesoma shule moja na mtazamaji wa London. Aliyehutubiwa kwa kweli ni Garrigan, na nyuma yake sisi tulionunua tiketi.

Kiswahili alichojifunza Whitaker

Hapa pana jambo la kushangaza. Whitaker alijiandaa kwa bidii ya kipekee. Aliongeza uzito, alijifunza kupiga kodiani, alikutana na watu waliomjua Amin, alitazama picha za zamani, na alijifunza Kiswahili. Matunda yake yanasikika. Lafudhi yake haikuokotwa katika Afrika ya kubuni. Anavyoweka mkazo kwenye silabi ya mwisho kasoro moja, anavyozifungua irabu za mwisho wa neno, anavyoachia sentensi ya Kiingereza itembee kwa mwendo wa Kibantu: haya yote yanatoka kwenye Kiswahili. Mwalimu wa fonolojia angeweza kuitumia sauti yake darasani kama mfano wa athari ya lugha moja kwa nyingine.

Lakini Kiswahili chenyewe kinasikika kwa vipande tu, hapa na pale, kama chumvi iliyonyunyiziwa juu ya chakula kilichokwisha pikwa. Mwigizaji alijifunza lugha ili aweze kusema Kiingereza vizuri zaidi! Kiswahili kimekuwa kiunzi cha kujengea nyumba. Nyumba ilipokwisha, kiunzi kikaondolewa.

Tusimlaumu Whitaker. Wala tusidhani yeye ndiye wa kwanza. Amin amekuwa akiigizwa tangu akiwa bado madarakani. Julius Harris alimwigiza katika Victory at Entebbe mwaka 1976 na Yaphet Kotto katika Raid on Entebbe mwaka 1977, zote zikiwa filamu za televisheni za Marekani na wote wawili wakiwa Wamarekani. Mwaka 1981 ilitoka Rise and Fall of Idi Amin ya mwongozaji Sharad Patel, ambamo Amin aliigizwa na Joseph Olita, Mkenya. Olita alitoka katika nchi ambamo Kiswahili kinasikika kila kona, lakini naye alipewa mazungumzo ya Kiingereza. Kwa hiyo Amin wa sinema amekuwa msemaji wa Kiingereza kwa mazoea. Jipya la mwaka 2006 ni ustadi wa kazi. Mazoea yalibaki yale yale.

Utetezi wa filamu, na jibu letu

Kuna hoja mbili za kuitetea filamu, na haki ni kuzisikiliza.

Hoja ya kwanza inasema kwamba hadithi hii inaonwa kwa macho ya Garrigan. Yeye ni Mskoti, na Amin anapozungumza naye lazima aseme Kiingereza. Kwa maonyesho yao wawili hoja hii ina nguvu. Filamu inafikia kilele chake pale Kiingereza cha Amin kinapokuwa mtego. Tuchukue pale wanapokutana kwanza barabarani. Mkono wa Amin umeumia gari lilipogonga ng'ombe. Garrigan anaufunga, kisha anachukua bastola ya Amin na kummaliza mnyama anayeteseka. Amin, badala ya kukasirika, anampa shati lake la kijeshi ili apewe fulana ya Scotland. Katika mabadilishano hayo ya nguo na maneno tunamwona mtawala anayejua kumvua mgeni silaha kwa ucheshi. Baadaye, Garrigan anapomkumbusha kwamba alimshauri asiwafukuze Waasia, Amin anamjibu kwamba kushauri hakutoshi, kosa lake ni kutomshawishi. Mtu mwenye Kiingereza kidogo amemshinda mwenye lugha kwa lugha yake mwenyewe. Hapo filamu imeuelewa uwezo wa Amin kuliko vitabu vingi.

Lakini hoja hiyo hiyo inageuka na kuihukumu filamu. Kama tunaona kwa macho ya Garrigan, basi tusikie pia kwa masikio yake. Kijana huyu aliizungusha tufe ya dunia chumbani kwake, akachagua Uganda kwa bahati nasibu. Anaishi nchini kwa miaka kadhaa, anakuwa daktari na mshauri wa rais, na hajui kinachosemwa mlangoni pake. Dhamira kuu ya filamu ni upofu wake. Kwa dhamira kama hiyo, ni chombo gani bora kuliko lugha asiyoielewa? Tufikirie Amin akigeuka katikati ya kicheko, akamwambia Masanga maneno matatu ya Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kiingereza na kuendelea kucheka. Garrigan angetabasamu. Mtazamaji wa London naye angetabasamu, bila kujua. Mtazamaji wa Kampala, Goma au Bujumbura angeganda kwenye kiti. Nafasi hiyo ilikuwa wazi, mwigizaji alikwisha jifunza lugha, na haikutumiwa ipasavyo.

Hoja ya pili ni ya kwetu wenyewe. Wapo wanaosema: afadhali hivyo! Kama Amin angesema Kiswahili kwa saa mbili mbele ya dunia nzima, lugha yetu ingezidi kupakwa matope. Kukosekana kwake kumetusitiri.

Naielewa hofu hiyo, lakini siikubali. Aibu ya Kiswahili nchini Uganda haikuletwa na sinema. Ililetwa na vizuizi vya barabarani, na waliosimamishwa hapo hawahitaji filamu ya kuwakumbusha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kuficha sauti ya miaka ile hakuwaponyi. Kinachoweza kusaidia ni kuionyesha lugha ikiwa nzima. Askari aliyetisha watu kwa Kiswahili alikuwepo. Lakini alikuwepo pia mfanyakazi wa reli, mchuuzi wa sokoni, dereva wa lori la Mombasa na muumini msikitini, waliokitumia Kiswahili hicho hicho kutafuta riziki na kuhifadhiana. Na kubwa zaidi, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, walioingia Kampala Aprili 1979 na kumwangusha Amin, nao walizungumza Kiswahili. Lugha ya aliyetesa na lugha ya aliyekomboa ilikuwa moja. Ukweli huu mzito haumo katika filamu, kwa kuwa hadithi inakatika mwaka 1976 Garrigan anapotoroka kwa ndege pamoja na mateka walioachiliwa.

Anayemwezesha kutoroka ni Junju. Anampa sababu ambayo kila mhakiki ameikumbuka: akasimulie yaliyotokea, kwa maana yeye ni mzungu na ataaminiwa. Kisha Junju anapigwa risasi. Hapa filamu inajisema yenyewe. Inakiri kwamba dunia husikiliza ushahidi kwa rangi ya msemaji, na papo hapo inafuata kanuni hiyo. Sisi tungeongeza: husikiliza pia kwa lugha ya msemaji.

Kutolewa kwa filamu

Njia ambayo filamu ilipita kufikia watazamaji inathibitisha jambo hilo. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Telluride, Marekani, Septemba 2006, na ikaingia kumbi za Marekani tarehe 27 mwezi huo chini ya Fox Searchlight. Oktoba ilifungua Tamasha la Filamu la London. Kumbi za Uingereza ziliipokea tarehe 12 Januari 2007. Kampala iliipata Februari 2007, miezi mitano baada ya Marekani, na siku chache tu kabla ya Whitaker kupokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume tarehe 25 Februari. Alikuwa mwanamume mweusi wa nne kuipata tuzo hiyo. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 6 iliingiza zaidi ya dola milioni 48.

Baada ya uzinduzi wa zulia jekundu filamu husafiri kwa njia zake. Katika vibanda vya video vya Uganda, filamu za kigeni hutafsiriwa papo hapo na wale wanaoitwa maVJ, wanaosimulia kwa Luganda juu ya sauti ya waigizaji. Tanzania nayo imekuwa na mafundi wa namna hiyo kwa Kiswahili. Jina la Lufufu linakumbukwa na wengi. Hawa si watafsiri tu. Hueleza, hubishana na mhusika, huongeza mithali. Wanayafanya yale ambayo studio haikuyafanya: kuirudishia hadithi masikio ya wenyeji.

Kwa nini hili lituhusu sasa

Hadhi ya Kiswahili nchini Uganda imebadilika, angalau kwenye karatasi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Vijana wanaoingia madarasani mwetu hawakumwona Amin. Lakini wanamjua kwa filamu hii na kwa masimulizi ya nyumbani. Filamu inawaambia kwamba Amin alisema Kiingereza. Nyanya zao wanawaambia kwamba askari wake walisema Kiswahili. Mwalimu anayeanza somo la ngeli bila kujua kwamba wanafunzi wake wamekaa kati ya picha hizi mbili anajenga juu ya mchanga.

Ndiyo maana napendekeza filamu hii iingie darasani, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea. Mazoezi yanaweza kuwa haya:

Kwanza, wanafunzi wachague onyesho moja na kuandika kila mhusika angesema lugha gani kwa nani, na kwa nini. Amin kwa Kay? Masanga kwa Wasswa? Junju kwa muuguzi wa Mulago? Hili ni somo zima la isimujamii.

Pili, waitafsiri hotuba ya kijijini kwa Kiswahili. Wataamua kama watumie Kiswahili sanifu au Kiswahili cha kambini. Wakiandika kwa usanifu kamili, Amin atageuka mhadhiri, nao watajionea kwamba usanifu si sifa ya kila msemaji.

Tatu, kikundi kimoja kisimulie onyesho kwa mtindo wa vibandani, kwa Kiswahili, mbele ya darasa. Kingine kiandike maelezo ya kukaa chini ya picha. Kisha walinganishe: ni yapi yamepotea, ni yapi yameongezeka?

Nne, waende kwa wazee wao wakaulize ni sentensi ipi ya Kiswahili wanayoikumbuka kutoka miaka ile. Zoezi hili lifanywe kwa adabu, na mzee asiyetaka kusema asishurutishwe. Asiyesema naye amejibu.

Tamati

The Last King of Scotland ni filamu nzuri, na uigizaji wa Whitaker unastahili kila tuzo uliyopata. Imefanikiwa kumwonyesha Amin kama mtu, si zimwi la hadithi za watoto, na kwa hiyo anatisha zaidi. Upungufu wake ni kwamba ilimwendea kwa lugha aliyowavalia wageni kama vazi la karamu, ikamwacha mlangoni akiwa amevaa ile aliyotawalia. Filamu itakayomsikiliza Amin akisema Kiswahili, na kuwasikiliza pia waliomkimbia, waliomficha jirani zao na waliomwondoa, wote katika Kiswahili hicho hicho, bado haijatengenezwa. Huenda atakayeandika mswada wake amekaa sasa hivi katika darasa la mmoja wetu, akisubiri kuambiwa kwamba jambo hilo linawezekana.